Reli ya modeli: ifanye kazi kama ya ukweli ama ipendeze tu?

Muulizaji:
Wasee niaje, nina plaiwudi ya futi 8 kwa 4, skeli ya HO (ndogo mara 87 kuliko ya ukweli), nataka kutengeneza ile njia ya Limuru kushuka Bonde la Ufa. Mimi nataka stesheni, mahali pa kupishana treni, mabehewa yaachwe na kuchukuliwa kama kazi ya ukweli. Mama watoto naye anataka milima na miti, anasema reli zikijaa hivyo inakaa soko la Gikomba. Nipunguze wapi?

Jibu:
Punguza reli bana. Stesheni moja, reli ya kupishana moja, ya kupakia mizigo moja, yatosha. Reli ya zamani ni njia moja, so treni kungojea nyingine ndio raha yenyewe. Ila hiyo ya kupishana ipime na treni yako ndefu zaidi, yangu ilipungukiwa na behewa moja tu na najuta hadi leo.

Jibu:
Chunga kona pia. Ile injini ndefu ya mvuke, Garratt 5918 Mount Gelai, iko pale makumbusho ya reli Nairobi ina zaidi ya mita 31, gawanya kwa 87 upate kama sentimita 36, kwa kona kali inakaa vibaya hata ikipita. Mimi nilipanda kichaka hapo kuficha 😂 Na handaki usiweke mahali mkono haufiki, treni huanguka hapo hapo.

Muulizaji:
Sawa, handaki nimetoa. Upande wa dirisha nimemwachia apande miti yake.