Naomba ushauri: Mkristo aweza kutetea uhuru wa mtu anayeipinga imani yake?

Mlei Mdadisi (mleta uzi)

Wapendwa, nawasalimu nyote, mnaoshiriki imani yangu na msioishiriki. Nina jambo linalonisumbua dhamiri, nami naomba ushauri wa watu waliolitafakari kwa muda mrefu kuliko mimi.

Kamati ya usharika ninaoutumikia imeandaa barua ya kuiomba serikali ikinyime kikundi kimoja kidogo cha kidini kibali cha kukutana hadharani na kugawa maandishi yake. Mafundisho ya kikundi hicho yanapingana na yetu katika mambo ya msingi kabisa, likiwamo suala la Kristo ni nani, wala sitaki mtu adhani kwamba ninayachukulia kwa wepesi. Hata hivyo, hakuna anayekituhumu kwa wizi, kwa kutishia watu au kwa kumdhuru mtoto. Kosa lake ni kwamba kinafundisha uongo na watu wanakisikiliza. Wajumbe wote tumetakiwa kutia sahihi, na mimi peke yangu ndiye niliyebaki bila kutia.

Ninaamini kwamba wokovu hupokelewa kwa imani, na kwamba imani inayotokana na kuogopa polisi si imani, ni utii wa nje tu. Kwa sababu hiyo nimeshikilia siku zote kwamba kila mtu ana haki ya kuabudu, kunena na kuamua mambo ya dhamiri yake bila kushurutishwa. Sasa mzee mmoja wa kamati, ambaye ninamheshimu sana, ameniambia kwamba uhuru wa mtu binafsi ni fundisho la dunia, kwa kuwa Mkristo ameifia nafsi yake na hana tena haki za kudai, ana wajibu tu. Akanikumbusha pia Warumi 13, inayotaka kila mtu aitii mamlaka. Maneno yake yalinichoma kwa sababu nusu yake ni kweli. Wapo watu ambao hulitaja neno uhuru kila wanapotakiwa kumjali jirani, na nisingependa kuhesabiwa pamoja nao.

Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Kwanza, je, msimamo wangu unatokana na imani, au ni siasa niliyoivika joho la dini? Pili, nitasemaje mbele ya kamati bila kuonekana kwamba ninalitetea fundisho lenyewe?

Katekista Mstaafu

Ndugu yangu, anza na Bwana mwenyewe, kwa maana mzee wako hatakataa kuanzia hapo. Kijana tajiri alipoondoka kwa huzuni, Yesu hakumkimbilia kumshika nguo. Wanafunzi wengi walipoyaona maneno yake kuwa magumu wakarudi nyuma, aliwageukia wale Thenashara akawauliza kama nao wanataka kuondoka (Yohana 6:67), na swali hilo halina maana yoyote ikiwa mlango umefungwa. Yakobo na Yohana walipotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria kilichokataa kumpokea, aliowakemea ni wao, si wanakijiji.

Kwa kuwa jambo lenu ni ombi la kukizuia kikundi, soma pia Matendo 5. Hapo kuna baraza la dini lililokusanyika kujadili kitu kilekile: lifanye nini na kundi dogo linalofundisha kwa jina lililokatazwa. Petro alijibu kwamba imempasa mtu kumtii Mungu kuliko wanadamu, na Gamalieli, mwalimu wa sheria aliyekuwa mjumbe, akalishauri baraza liwaache watu hao. Tahadhari moja tu: usimtegemee Gamalieli kupita kiasi. Alisema kwamba kazi ya wanadamu itavunjika yenyewe, nasi tunajua kwamba yapo mafundisho ya uongo yaliyodumu karne nyingi.

Jiandae vilevile kwa Kumbukumbu la Torati 13, kwa sababu mtu atakayekupinga kwa akili atalifungua andiko hilo, linaloamuru kifo kwa anayewashawishi wengine kuifuata miungu mingine. Jibu langu ni kwamba sheria ile ilikuwa ya taifa lililofanya agano na Mungu, na kanisa halikupewa upanga huo. Paulo, alipokabiliwa na uovu ndani ya kanisa la Korintho, aliamuru mhusika aondolewe katika ushirika, kisha akauliza yanamhusu nini kuwahukumu walio nje (1 Wakorintho 5:12). Kamati yenu ina mamlaka kamili ya kusema kwamba mtu anayefundisha hivyo hawezi kuwa mwalimu katika usharika wenu. Haina mamlaka ya kuutumia upanga wa Kaisari dhidi ya mtu ambaye hakuwahi kuwa wa usharika huo.

Msimamo Thabiti

Naomba nitofautiane na waliotangulia, kwa heshima. Mnazungumza kana kwamba upande mmoja una uhuru na mwingine una hofu tu. Mchungaji anayemwona mbwa mwitu na kukaa kimya kwa sababu mbwa mwitu naye ana haki zake, huyo si mchungaji. Paulo aliwaonya wazee wa Efeso juu ya mbwa mwitu wakali (Matendo 20:29), tena katika mambo haya wanaoumia ni wanyonge, wala si wasomi wanaoweza kupima hoja.

Kuna jambo la pili, ambalo watetezi wa uhuru hulikwepa. Wafanyabiashara wa watumwa wa Uingereza nao walidai haki ya kumiliki mali na kufanya biashara bila kuingiliwa. William Wilberforce, mbunge aliyekuwa Mkristo wa kuungama hadharani, hakuwaachia uamuzi huo wapatane na dhamiri zao. Alidai sheria bungeni kwa miaka mingi mpaka biashara hiyo ikapigwa marufuku mwaka 1807. Basi msituambie kwamba Mkristo hawezi kuitumia sheria dhidi ya uovu.

Mpenda Historia

Ndugu Msimamo Thabiti, mfano wako ni mzuri, lakini mimi nauona unaelekea upande wa mleta uzi. Mfanyabiashara wa watumwa alikuwa amemfunga mtu mwingine minyororo, na sheria ya 1807 ilizuia mkono uliokuwa ukimwangamiza jirani. Kikundi tunachokizungumzia hakijamfunga mtu. Siku kitakapomzuia mfuasi asiondoke au kumnyang'anya mali yake, Mkristo na aende polisi bila kusita, na aende kwa sababu ya kosa hilo, si kwa sababu ya fundisho.

Historia ya kanisa katika suala hili inafundisha na kuaibisha kwa wakati mmoja. Tertullian wa Carthage, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, mnamo mwaka 212 alimwandikia Scapula, liwali wa Kirumi, kwamba si kazi ya dini kuilazimisha dini. Aliandika hivyo Wakristo walipokuwa wakiteswa. Mwaka 313 Konstantino na Licinius, watawala wa dola ya Kirumi, waliwapa Wakristo na watu wengine uhuru wa kuabudu, na kufikia mwaka 380 Mfalme Theodosius alikuwa ameifanya imani ya Nikea, yaani imani ya Kikristo kama ilivyoungamwa na mtaguso wa Nikea, kuwa dini ya dola. Haikuchukua muda. Karibu mwaka 385 askofu Priscillian aliuawa huko Trier kwa amri ya Mfalme Maximus, baada ya maaskofu wenzake kumshtaki. Shtaka rasmi lilikuwa uchawi, ila kila mtu alijua kwamba ugomvi ulianzia kwenye mafundisho. Mtu ambaye ningependa mleta uzi amkumbuke ni askofu Martin wa Tours, aliyekwenda kwa mfalme kumwombea Priscillian asiuawe, ijapokuwa hakuyakubali mafundisho yake, na baada ya mauaji akakataa kwa muda kushiriki meza moja na maaskofu waliohusika. Huyo hakuwa mtu wa dunia. Kanisa linamwita mtakatifu.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yako ni wa mhubiri Roger Williams. Alihukumiwa kufukuzwa Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika, mwaka 1635 kwa sababu ya maoni yake, na mwaka uliofuata akaanzisha makazi ya Providence, ambako serikali haikuruhusiwa kuingilia dhamiri ya mtu. Baadaye Wakweka, kikundi kingine cha Kikristo, walifika Rhode Island, koloni lililokua kutokana na makazi hayo, naye akayachukia mafundisho yao kwa moyo wote. Mwaka 1672, akiwa mzee, alikabiliana nao katika mjadala wa hadhara wa siku kadhaa, kisha akaandika kitabu kizima cha kuwapinga, kwa lugha kali isiyopendeza hata kidogo. Lakini hakuomba wafukuzwe. Massachusetts, kati ya 1659 na 1661, ilikuwa imewanyonga Wakweka wanne, akiwamo Mary Dyer. Basi ukiulizwa kama unalitetea fundisho, jibu kwamba uko tayari kulipinga mbele ya watu wote, kwa hoja, mahali ambapo wenyewe wanaruhusiwa kukujibu.

Wakatoliki nao walifika huko, japo kwa njia ndefu: tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu wao, la tarehe 7 Desemba 1965 lilikiri kwamba haki ya uhuru wa dini msingi wake ni heshima ya utu wenyewe.

Nje ya Uzio

Mimi si mwamini, hivyo nitasema kidogo. Wakristo wanapoomba uhuru wao tu, sisi wengine tunasikia kundi linalotafuta nafasi ya kutawala. Mmoja wao anapoomba uhuru wa mtu asiyekubaliana naye, mimi binafsi humsikiliza anapoeleza imani yake.

Mama wa Maombi

Mwanangu, wengine wamekupa historia, na ni njema. Mimi ningependa turudi kwa lile neno la mzee, kwamba Mkristo hana haki za kudai, kwa sababu naona hapo ndipo ulipokwama na hakuna aliyekujibu.

Mtazame Paulo. Katika 1 Wakorintho 9 anathibitisha kwamba ana haki ya kula kwa kazi ya Injili, halafu anasema hakuitumia. Katika sura ya 8 yuko tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu. Hapo mzee wako yuko sahihi kabisa. Lakini fungua Wagalatia 2. Watu walitaka Tito, Myunani, alazimishwe kutahiriwa, na Paulo anasema hawakujitia chini yao hata dakika moja. Paulo huyohuyo ndiye aliyemtahiri Timotheo (Matendo 16:3), bila kushurutishwa na mtu, ili wapate nafasi ya kuhubiri kwa Wayahudi. Tendo ni lilelile, ila kwa Tito kulikuwa na shuruti na kwa Timotheo hakukuwa nayo.

Kwa hiyo Mkristo anaweza kuitoa haki yake kwa ajili ya upendo, na mara nyingi anapaswa kuitoa. Haki ya jirani si mali yake, hawezi kuitoa sadaka kwa niaba ya mwenyewe. Mzee akisema tuifie nafsi, mwulize kwa upole ni nafsi ya nani itakayokufa kwa barua ile. Ninyi wajumbe hamtapoteza kitu. Watakaopoteza ni wale wengine.

Wala si kweli kwamba Paulo hakudai haki zake kamwe. Kule Filipi alikataa kutoka gerezani kwa siri baada ya kupigwa bila hukumu, akataka mahakimu waje wenyewe kuwatoa, na mbele ya liwali Festo alikata rufani kwa Kaisari. Mtu huyo ndiye aliyeandika Warumi 13. Aliagiza kodi ilipwe na mamlaka iheshimiwe, lakini alipozuiwa kuhubiri hakuacha.

Ila na wewe nikuonye. Wagalatia 5:13 inasema tuliitwa tupate uhuru, na papo hapo inatutaka tutumikiane kwa upendo. Ukienda kwenye kikao kushinda mjadala, utakuwa umeitumia nusu ya aya. Nenda kwa mzee nyumbani kwake kabla ya kikao. Jambo kama hili halimfai mtu mzima kulisikia mara ya kwanza mbele ya vijana.

Mlei Mdadisi (mleta uzi)

Nashukuru sana, hasa kwa habari za Tito na Timotheo, ambazo nimezisoma mara nyingi bila kuziweka pamoja. Nitamtembelea mzee kabla ya kikao. Ninakusudia pia kupeleka pendekezo badala ya kukataa tu: kwamba usharika uandae mafundisho ya wazi juu ya mambo tunayopingana, na ukialike kikundi hicho kijieleze, ili wasikilizaji wapime. Ndugu Msimamo Thabiti, hoja yako kuhusu wanyonge sitaiacha. Naona inatudai tufundishe zaidi, maana watu hao walikuwa mikononi mwetu kabla hawajawasikiliza wengine.

Msimamo Thabiti

Sijashawishika kuhusu kibali cha kukutana hadharani, lakini pendekezo la mafundisho naliunga mkono, nami ningelipigia kura. Swali moja: kabla ya kuandika barua, kuna mjumbe yeyote wa kamati aliyezungumza na watu hao ana kwa ana?

Mlei Mdadisi (mleta uzi)

Hakuna, hata mimi. Tulichosoma ni kijikaratasi kimoja. Nitaomba mzee twende naye.