Naomba ushauri: nataka kutoka Windows kuhamia Linux (mfumo endeshi wa bure), ila magemu je?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, Nyakato. Nina desktop ya i5 kizazi cha sita, RAM GB 8, kadi ya picha ya Nvidia GTX 1050 Ti. Huduma ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hii haimo kwenye orodha ya Windows 11. Kununua mashine nyingine siwezi kwa sasa, na hii naipenda. Niliikusanya kipande kwa kipande kwa miaka miwili.

Juzi nilijaribu Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, kwa flashi tu, bila kuiweka kwenye diski. Wi-Fi ilikamata palepale, feni ikatulia hadi nikasikia mvua kwenye bati. Moyo ukahama siku hiyohiyo.

Najua Euro Truck Simulator 2 na Counter-Strike 2 yana toleo lake la Linux, na mengi ya Steam (duka la magemu mtandaoni) yanapita kwa Proton, programu inayoendesha magemu ya Windows ndani ya Linux. Ila mdogo wangu anacheza Fortnite kila wikiendi, na hilo Linux halikubali kwa sababu ya mfumo wake wa kuzuia wadanganyifu. Sitaki kumnyima raha yake.

Sasa naomba mnisaidie. Niweke mifumo yote miwili kwenye SSD moja ya GB 240, au nitafute diski ya pili? Magemu yangu yako kwenye diski ya NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows), karibu GB 180. Mliopitia hili, Proton iliyasoma vizuri au mlipakua upya? Natumia bando la simu, kupakua upya kutaniumiza sana. Na dereva ya Nvidia kwa kadi hizi za zamani mnaweka ipi?