Wageni 9 wa meli, siku moja Unguja: wapelekwe hifadhi gani?

Ops_Moshi: Wakuu, heshima kwenu. Februari kuna meli itafunga bandari ya Malindi, Unguja, saa 1 asubuhi. Wageni wote wawe ndani saa 11:30 jioni. Watu 9 wanataka kuona wanyama siku hiyohiyo. Wao wanataja Ngorongoro, sisi tunafikiria Tarangire. Ndege ya kukodi ipo. Muda unatosha?

Ratiba_Kisongo: Ngorongoro futa. Tarangire piga hesabu. Meli kufika saa 1 siyo mgeni kushuka saa 1; hadi ukaguzi uishe ni saa 2. Nusu saa hadi uwanja wa ndege wa Kisauni, ndege inaruka saa 3, Caravan (ndege ndogo ya kukodi) inagusa Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, saa 4 na robo. Barabarani masaa 2, geti la Tarangire saa 6 na nusu. Sasa anza kurudi nyuma: ili wawe bandarini saa 10:45 wakiwa na akiba kidogo, ndege iondoke Kisongo saa 9 kasorobo. Maana yake gari ligeuze getini saa 6 na nusu hiyohiyo! Labda mtue Kuro, kiwanja cha ndege ndani ya hifadhi. Lakini Februari wanyama wengi wametawanyika kuelekea Simanjiro, na mbung'o hawana likizo. Nguo nyeusi na za bluu wasivae, zinawavuta mbung'o.

Dereva_Usa: Kama lazima iwe Kaskazini, ni Hifadhi ya Arusha, na mtue KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), msitue Kisongo. Kutoka Kisongo mnapita foleni ya mjini. Kutoka KIA mnaingilia Usa River, dakika 45 mpo geti la Ngongongare. Mnapata kama masaa mawili na nusu. Serengeti Ndogo, kisha maziwa ya Momela, mrudi. Kreta ya Ngurdoto iacheni, muda hauruhusu. Twiga, nyati, pundamilia na mbega wapo. Heroe hutegemea hali ya maji. Simba msiwaahidi kabisa, na mliandike hilo kabla hawajalipa.

Ratiba_Kisongo: Naunga mkono. Ila tukiweka ushabiki wa Kaskazini pembeni, wageni hao ni wa Hifadhi ya Nyerere, kusini. Unguja hadi Mtemere, kwenye geti la hifadhi hiyo, ni kama dakika 45 hewani, uwanja uko jirani na geti, gari linaanza kazi palepale. Simba wapo, na boti la Rufiji linawapa viboko na mamba. Februari bado masika hayajaharibu njia.

Ops_Moshi: Nimeelewa, Nyerere basi. Kuna la kuangalia kwenye makaratasi?

Dereva_Usa: Pasipoti, mkuu. Meli nyingi huzishikilia, na mgeni anashuka na kadi ya meli tu. Ongea na wakala wa meli mapema wapewe pasipoti zenyewe. Kama meli imetokea Mombasa, cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi. Malipo ya hifadhi toeni kumbukumbu namba (control number) na mlipe siku moja kabla. Getini hawapokei fedha taslimu, na mtandao ukisumbua mnapoteza nusu saa mnatazamana. Uzito wa kila mgeni mpe rubani mapema. Mifuko ya plastiki ibaki melini. Na mkataba useme wazi: safari hii hawakuinunua melini, kwa hiyo wakichelewa meli haiwasubiri.