Tupeane uzoefu: simu ikikwapuliwa, hela inatokea mlango gani?

Mtoto_wa_Kimara:
Wakuu, ile klipu ya vishandu, wezi wa pikipiki, wakikwapua simu dirishani mwa daladala nadhani kila mtu kaiona. Wengi mnabishana bei ya simu. Mimi nauliza mafundi na mawakala mliomo humu: simu ikishatoka mkononi, salio linaondokaje? Mwageni hatua kwa hatua.

Fundi_Makumbusho:
Mlango wa kwanza ni laini. Hata simu ifungwe kwa alama za vidole vyote kumi, mwizi anachomoa trei, laini anaitia kwenye kitochi, kazi imeanza. *150*00#, *150*01#, *150*60#, anazipitia zote. Kilichobaki ni tarakimu nne za siri, na hapo watu wanamsaidia wenyewe kwa kuweka mwaka wa kuzaliwa. Pochi ikienda pamoja na simu ndiyo kabisa, maana tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia.

Akikosa namba ya siri, bado meseji za laini hiyo zinaingia kwake. Namba za uthibitisho anazipata yeye. Anafungua WhatsApp yako kwenye simu nyingine na kuanza: "Shemeji nimekwama, nirushie elfu hamsini." Kama hujaweka ile PIN ya tarakimu sita ndani ya WhatsApp, anaingia bila hodi.

Dawa ni kuifunga laini yenyewe. Android: Mipangilio, Usalama, kisha tafuta Kufunga SIM (kila kampuni ya simu inaificha pake). iPhone: Mipangilio, sehemu ya data ya simu, PIN ya SIM. Itadai kwanza PIN ya sasa, ambayo iko kwenye kile kiplastiki ulichobandulia laini, pamoja na PUK, namba ya kuifungulia laini iliyojifunga. Ukishaweka ya kwako, laini ikihamishiwa simu nyingine, au simu ikizimwa na kuwashwa, inadai namba.

Bint_Tanga:
Hiyo ya mwaka wa kuzaliwa, nusu ya nchi tumekamatika.

KapteniMbagala:
Msipotoshe watu. PIN ya laini inaua laini. Mtaanza kulia hapa.

Fundi_Makumbusho:
Kapteni, ukibahatisha utaiua kweli. Ukikosea mara tatu inadai PUK, tarakimu nane. PUK nayo ukikosea mara kumi, laini imekwisha, kaisajili upya kwa kidole. Kama kiplastiki umekitupa, piga 100 wakupe PUK kabla hujagusa chochote. Laini haifi kwa PIN, inafa kwa ubishi.

KapteniMbagala:
Kiplastiki cha 2014 nani anacho?

MamaWakala_Tandika:
Naongezea habari ya mpangilio wa hatua, kipi kifungwe kwanza, maana ndiyo iliyommaliza mteja mmoja. Kijana mweka hazina wa kamati ya harusi. Michango, milioni mbili na laki tatu, iko kwenye akaunti yake ya benki. Kakwapuliwa akiwa anachati, skrini inawaka. Aliyepakiwa nyuma ya pikipiki kazi yake ni kuigusagusa isijifunge. Kijana akafanya haraka kile tunachofundishwa wote: kaazima simu, kapiga 100, laini ikafungwa. Akapumua.

Kumbe laini kufungwa hakujazima simu. Jamaa wameiunganisha na intaneti ya simu yao, programu ya benki inafanya kazi bila laini, na namba ya siri kaihifadhi mwenyewe kwenye noti, imeandikwa "benki". Benki inatuma meseji za miamala, zinakwenda kwenye laini iliyokufa. Akajaribu kuingia Google aifunge simu kwa mbali, Google ikatuma namba ya uthibitisho kwenye laini hiyohiyo. Alipokuja kuipigia benki, imebaki ya makato.

Bint_Tanga:
Jamani! Harusi ilifanyika?

Mzee_wa_Pwani:
Kamati ilimwamini kweli? Mimi ningetaka kuona hicho kishandu.

Kizito88:
Bibi harusi alisemaje? Mama, usituache hapo.

MamaWakala_Tandika:
Ilifanyika, bila ukumbi. Turudi kwenye simu.

Mtoto_wa_Kimara:
Sasa mpangilio sahihi ni upi?

Data_na_Dagaa:
Funga simu kwanza wakati bado ina intaneti, piga benki, halafu laini. Kwa Android 10 kwenda juu: Mipangilio, Google, ingia kwenye Ulinzi dhidi ya wizi. Washa zote: kujifunga ikihisi imekwapuliwa, kujifunga ikikosa mtandao, na kufungwa kwa mbali. Hiyo ya mwisho unaitumia kwenye simu ya mtu yeyote, android.com/lock, unaandika namba yako ya simu, huhitaji paswedi. Lakini lazima uwe umeiwasha kabla. Na zile namba kumi za akiba za Google, tarakimu nane kila moja, ziandike kwenye karatasi ikae nyumbani. Namba ya benki ya dharura vilevile.

KapteniMbagala:
Laini kwanza! Mwenye laini bila namba ya siri ya benki anaanza na pesa za simu.

Data_na_Dagaa:
Mkiwa wawili, mmoja afunge simu mwingine apige 100. Ukiwa peke yako na laini ina PIN, simu kwanza. Haina PIN, haya, Kapteni kashinda.

Kizito88:
Nunueni iPhone mlale.

Fundi_Makumbusho:
iPhone yenyewe hadi uwashe ulinzi wa kifaa kilichoibwa, ulikuja na iOS 17.3 Januari 2024. Ukiwa mbali na nyumbani, kubadili paswedi ya Apple kunadai uso, kusubiri saa moja, halafu uso tena. Haujawashwa, mtu aliyechungulia tarakimu zako sita ndani ya mwendokasi anakuhamisha akaunti yote.

Na baada ya siku kadhaa ukisharudisha laini, subiri meseji: "iPhone yako imeonekana, bonyeza hapa." Usibonyeze. Wanataka paswedi waiondoe kwenye akaunti yako, maana bila hiyo wanauza vioo na betri tu. Namba iliyokutumia meseji hiyo itume kwenda 15040, ya kuripoti matapeli.

Mzee_wa_Pwani:
Mimi hela kwenye kiswaswadu, kiswaswadu kabatini. Smatifoni ya kuangalizia mpira.

Bint_Tanga:
Na nauli ya daladala unalipa na nini, mzee?

Mzee_wa_Pwani:
Sarafu, binti.

Kizito88:
IMEI je?

Fundi_Makumbusho:
Hiyo ni namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Piga *#06#, tarakimu kumi na tano, simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Andika zote. Polisi wataziomba.

KapteniMbagala:
Nimekipata kiplastiki, kilikuwa kwenye bahasha ya cheti cha ndoa. PIN imefutika, PUK inasomeka.

Fundi_Makumbusho:
Inatosha. **05*, PUK, nyota, PIN mpya, nyota, PIN mpya tena, #. Taratibu, Kapteni. Una nafasi kumi.