Nimeachiwa kuku sita mchanganyiko, nawatambuaje ni aina gani? Na huyu anayenyonyoka manyoya anaumwa?

Bandani_Kwetu

Habarini wakuu, naombeni msaada wenu wajuzi wa kuku. Jirani amehama kaniachia kuku wake, wapo sita wote wakubwa tayari, na maelezo aliyonipa ni kwamba wanataga basi. Sasa nataka nijue nafuga nini maana nimelinganisha na picha za mtandaoni ndo nimechanganyikiwa kabisa, kuku mmoja anafanana na aina tatu.

Wako hivi, mmoja mweupe mnene ila shingoni ana manyoya meusi na mkia mweusi. Wawili wana mistari mistari nyeusi na nyeupe mwili mzima, ila mmoja kapauka kuliko mwenzie halafu ni mkubwa zaidi, nahisi jogoo ila sijawahi kumsikia anawika. Mmoja mweusi tii, akikaa juani anang'aa kijani. Mmoja mwekundu wa kahawia, huyu ndo mkorofi anadonoa wenzie kutwa. Wa mwisho kishingo, shingo tupu isipokuwa ana kishada cha manyoya kwa mbele.

Kinachonitisha zaidi ni huyo mweupe, ananyonyoka vibaya mno, banda zima limejaa manyoya yake na kuacha kutaga kaacha. Ni ugonjwa? Na chakula je, sa hivi nawapa pumba na mabaki ya jikoni. Picha zitakuja, simu inagoma kupandisha.

kidole_cha_tano

Nimefungua uzi mbio nikijua nakutana na picha 😂 haya tukae kwenye mkeka tusubiri wakubwa.

Mzee wa Viota

Mkuu Bandani, rangi iweke pembeni kwanza. Rangi ndo inayowapoteza watu wengi kwa sababu aina nyingi zinachangia rangi moja, na huyo mweupe wako ni mfano mzuri kabisa. Mweupe mwenye shingo nyeusi na mkia mweusi anaweza kuwa Sussex, anaweza kuwa Brahma, anaweza kuwa Wyandotte, wote watatu wanayo hiyo rangi. Unawatofautisha kwa kichwa na miguu. Sussex ana kilemba kimoja kilichosimama chenye meno ya msumeno, miguu myeupe haina manyoya. Brahma kilemba chake ni kidogo, kina safu tatu za vinundu, na miguu imevaa manyoya mpaka vidoleni. Wyandotte kilemba ni kipana kimelala bapa juu ya kichwa na miguu ni ya njano. Kwahiyo mshike umwangalie, usiku akiwa amelala ni rahisi hata hakimbii.

Hao wa mistari uwezekano mkubwa ni Plymouth Rock au damu yake, kilemba kimesimama na miguu njano. Kama kilemba kimelala bapa na mistari haijanyooka vizuri basi fikiria Dominique, hii ni aina ya zamani zaidi Marekani na ilichangia kuitengeneza hiyo Plymouth Rock, ndo maana zinachanganywa sana. Yule aliyepauka una haki ya kumshuku. Kwenye kuku wa mistari jogoo anabeba vinasaba viwili vya mistari na tetea anabeba kimoja tu, kwahiyo jogoo mistari yake myeupe inakuwa mipana na kwa mbali anaonekana wa kijivu hafifu. Hakikisha kwa manyoya ya kiunoni, pale kabla ya mkia. Jogoo yanakuwa marefu membamba yenye ncha yananing'inia pembeni, tetea yanakuwa ya duara. Usitegemee kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, matetea wakizeeka nao wanaota.

Mweusi anayeng'aa kijani mgeuze umwangalie nyayo. Nyayo nyeupe ni Australorp, nyayo za njano ni Jersey Giant. Kama ni Australorp umeokota dhahabu, kuku sita wa aina hiyo kule Australia mwaka 1922 mpaka 1923 walitaga mayai 1,857 ndani ya siku 365, yani wastani wa mayai zaidi ya 300 kila mmoja na hawakuwashiwa taa za kuwaongezea mwanga bandani.

Mwekundu mnyanyue manyoya ya mgongoni uone chini. Rhode Island Red halisi ni mwekundu mpaka chini na mkia una weusi. Ukikuta manyoya laini ya ndani ni meupe basi huyo ni chotara wa mayai wa viwandani, mtagaji mzuri ila usitarajie watoto wake wafanane nae. Mwangalie na mdomo, kama wa juu umekatwa mfupi ndo hao hao.

Kuku ni Kuku

Mi sioni faida ya haya yote, kuku akila akanywa akataga inatosha, jina litakusaidia nini. Wengi humu tunao machotara wa machotara na maisha yanaenda.

Mzee wa Viota

Nakubaliana nusu. Jina peke yake halina kazi, lakini umbo lina kazi. Ukijua una kuku mzito unamwekea kitulio (mti wa kulalia) cha chini, nusu mita inatosha, la sivyo akiruka kila asubuhi anaumia nyayo, kidonda kinavimba kinaingia usaha na kutibu ni shughuli. Mwenye manyoya miguuni hakai kwenye tope. Kishingo manyoya yake ni machache mwili mzima siyo shingoni tu, kwahiyo joto analivumilia kuliko wenzie ila baridi na upepo havimfai. Ukijua hayo humlaumu kuku kwa maumbile yake.

Bandani_Kwetu

Shukrani sana mzee. Nimewakagua jana usiku na tochi. Mweusi nyayo nyeupe!! Wa mistari kilemba kimesimama wote wawili, na yule aliyepauka manyoya ya kiunoni yana ncha, kwahiyo jogoo yupo. Mwekundu ndani ni mweupe na mdomo umekatwa. Shida imebaki kwa mweupe, kilemba kimelala bapa kama ulivosema cha Wyandotte lakini miguu siyo ya njano, imepauka karibu nyeupe. Sasa huyu ni nani? Sussex wa kilemba bapa yupo?

tetea_mweusi

Hapo kwenye miguu ngoja nikusaidie maana watu wengi wanatelezea hapo. Kuku wa miguu ya njano akitaga njano inaondoka mwilini. Rangi ile inatoka kwenye chakula, mahindi ya njano na majani mabichi, na akianza kutaga inaelekezwa kwenye kiini cha yai badala ya kwenye ngozi. Na haiondoki hovyo, ina mpangilio. Inaanza kupotea kwenye tundu la kutagia ndani ya siku chache, inafuata duara la jicho, ndewe ya sikio, halafu mdomo kuanzia kwenye shina kwenda nchani, mwisho kabisa miguu, na miguu inaweza kuchukua miezi mitano ya kutaga mpaka ipauke kabisa. Akiacha kutaga inarudi kwa mpangilio ule ule, na inarudi haraka kuliko ilivyoondoka.

Kwahiyo mwangalie tena huyo mweupe. Kama tundu na shina la mdomo vimeanza kuwa na njano wakati miguu bado imepauka, basi ni kuku wa miguu ya njano aliyetaga muda mrefu na ameacha karibuni tu. Sussex hata asitage mwaka mzima huwezi kuona njano.

Hii pia ndo njia ya kujua nani anakula bure bandani, kwa wale wenye ngozi ya njano lakini. Kwa wengine pima mifupa miwili iliyopo pembeni ya tundu la kutagia, anayetaga vidole vyako viwili au vitatu vinapita katikati na tundu ni pana lina unyevu, asiyetaga hata kidole kimoja kinabana na tundu ni kavu limejikunja.

Bandani_Kwetu

Aisee. Nimetoka kuangalia sa hivi. Shina la mdomo lina njano, tundu la njano kabisa, miguu kwa mbele imepauka ila kwa nyuma karibu na goti kuna unjano kwa mbali. Kumbe!

tetea_mweusi

Basi huyo ni Wyandotte au chotara aliyechukua sana kwa Wyandotte, na kuna kila dalili kwamba alikuwa mfanyakazi wako mkubwa kabla hujamkuta. Kutaga kaacha kwa sababu anabadilisha manyoya, hawezi kufanya vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mama Vifaranga

Naongezea hapo kwenye kunyonyoka maana swali la msingi lilikuwa anaumwa au la. Angalia yanatokea wapi. Kubadilisha manyoya kwa kawaida kunaanzia kichwani na shingoni, kunashuka mgongoni na kifuani, mwisho mabawa na mkia, na ukipapasa unakuta vijiti vipya vinachomoza. Akinyonyoka kuzunguka tundu la kutagia tu na ngozi imekuwa nyekundu hapo tafuta chawa na utitiri. Akiwa na upara mgongoni na nyuma ya kichwa ni jogoo anampanda sana au wenzie wanamdonoa. Kuhama kwa mwenye kuku, kubadilishiwa chakula, kupungua mwanga wa siku, vyote vinaweza kuanzisha kunyonyoka. Inachukua miezi miwili mitatu hivi, usimbebe bebe hovyo kwa sababu yale manyoya mapya yana damu ndani na yanauma yakiguswa.

Na hapo ndo huyo mwekundu wako anakuwa hatari, akidonoa kijiti kikatoka damu hatoacha, na wengine wataiga. Ukiona damu mtenge aliyeumia siku hiyo hiyo. Halafu huyo mkorofi nae mtoe mweke peke yake siku chache, akirudi anakuta wenzie wameshapangana upya na yeye anaanza chini. Weka vyombo vya chakula na maji sehemu mbili zisizoonana ili wanyonge nao wale. Mara nyingi ukorofi ni kubanana tu na chakula kibovu.

Maana mdogo wangu pumba na mabaki siyo chakula cha mtagaji. Pumba inajaza tumbo tu. Anayetaga anahitaji protini kama asilimia 16 mpaka 18 na kalsiamu kama asilimia 3.5 mpaka 4. Huyo anayeota manyoya muongezee protini kidogo kwa sababu unyoya wenyewe karibu wote ni protini, mpe mashudu, unga wa samaki, wadudu, soya iliyopikwa siyo mbichi. Chokaa ya makombe weka kwenye chombo chake pembeni kila mmoja ajichukulie, jogoo na asiyetaga wasilazimishwe kalsiamu nyingi inaharibu figo. Kwa sababu hiyo hiyo vifaranga usiwape chakula cha watagaji. Na kwenye mabaki toa maharage makavu yasiyopikwa, toa ganda na kokwa la parachichi, toa chochote chenye ukungu au chumvi nyingi. Maji safi muda wote, mmoja anakunywa robo lita kwa siku na joto likipanda anaweza kunywa mara mbili yake.

kidole_cha_tano

Mama hujagusa chanjo

Mama Vifaranga

Nilikuwa nakuja huko. Mdondo, yani kideri au Newcastle, hauna dawa, ukiingia bandani unaweza kubeba wote, kwahiyo kama hujui mara ya mwisho walichanjwa lini wahesabu kwamba hawajachanjwa. Wachanje wakiwa wazima, usichanje anayeumwa. Ya tone la jicho ni ya uhakika zaidi kwa kuku wachache kama hao. Ukitumia ya kwenye maji basi yasiwe na dawa ya klorini maana inaua chanjo, wanyime maji saa moja mbili kabla ili wanywe wote kwa haraka, na kinachobaki baada ya saa mbili mwaga. Kurudia fuata karatasi ya kwenye chupa, nyingi ni kila baada ya miezi mitatu.

Na siku ukileta kuku mwingine usimchanganye siku hiyo, mtenge wiki mbili mpaka nne kwenye banda lake na vyombo vyake, uhudumie wenyeji kwanza ndo umalizie kwa mgeni.

Utitiri mwekundu kagua usiku. Mchana unajificha kwenye nyufa za vitulio, usiku unatoka kunyonya damu, pitisha kitambaa cheupe chini ya kitulio ukiona michirizi myekundu unao.

Bandani_Kwetu

Mungu awabariki, nimeandika yote. La mwisho, nikitotolesha mayai ya hawa na huyo jogoo wa mistari vifaranga watakuwaje? Kuna mtu kaniambia wa mistari unajua jogoo na tetea siku ya kwanza kwa doa jeupe kichwani.

Mzee wa Viota

Aliyekwambia kageuza. Hiyo ya doa inafanya kazi pale mama ndo wa mistari na baba hana, mfano jogoo mwekundu kwa tetea wa mistari, hapo vifaranga wenye doa ni majogoo na wasio na doa ni matetea. Wewe baba ndo wa mistari, na kama damu yake ni safi atawagawia mistari watoto wote wa kiume na wa kike, doa halitokusaidia. Ukioanisha mistari kwa mistari doa lipo kwa wote, la jogoo kubwa limetawanyika na la tetea dogo limekaa vizuri, lakini hapo ni kubahatisha kwa jicho la mzoefu.

Huyo kishingo mwenye kishada kwa mbele ana kinasaba kimoja tu cha shingo tupu, angekuwa navyo viwili shingo ingekuwa peupe kabisa. Kwa jogoo wako mwenye manyoya kamili, karibu nusu ya vifaranga wake watatoka vishingo na nusu wa kawaida. Mayai ya kuatamisha kusanya yasiyozidi siku saba, usiyaoshe, na koo akianza kulala mwekee yote kwa pamoja usiku ili siku ya 21 watoke pamoja. Na zile picha bado tunazisubiri.