Je, Ukurasa wa Mtandao wa Kijamii Unamtosha Mfanyabiashara Mdogo?

Mtoa hoja

Kuna ushauri ambao sasa kila anayefungua biashara huupata kabla hata hajauza bidhaa ya kwanza: usihangaike na tovuti, wateja wote wako Facebook, Instagram na WhatsApp, kurasa za huko ni za bure, na fedha ambazo ungelipia tovuti ni afadhali uziongeze kwenye mtaji. Napinga ushauri huo, nami nitaeleza sababu zangu kisha niwaachie nafasi wanaouunga mkono.

Sisemi kwamba kurasa hizo hazina faida. Mtu mwenye simu janja moja anaweza kupiga picha ya bidhaa asubuhi na kupata oda kabla ya saa sita mchana, jambo ambalo zamani lilihitaji tangazo la kulipia gazetini. Ninachokipinga ni hali ya ukurasa huo kuwa ndio duka, ndio anwani, ndio daftari la wateja na ndio kumbukumbu pekee ya oda zilizopita, ilhali mwenye biashara hana sauti yoyote katika masharti yake na hana ofisi ya kwenda kulalamika mambo yakiharibika.

Tuangalie yaliyokwisha kutokea. Tarehe 4 Oktoba 2021, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mawasiliano kati ya vituo vya data vya Facebook, yaani majengo yenye kompyuta zinazoendesha huduma zake. Seva zinazouelekeza ulimwengu mahali kampuni hiyo ilipo zikaacha kujitangaza kwenye intaneti, na kwa takribani saa 6 Facebook, Instagram na WhatsApp zikatoweka kwa pamoja. Waliodhani kwamba WhatsApp ni akiba yao endapo Facebook itasumbua waligundua siku hiyo kwamba vyote vilikuwa chini ya kampuni moja. Mnamo Januari 2018 kampuni hiyohiyo ilikuwa imetangaza kwamba machapisho ya ndugu na marafiki yatapewa kipaumbele mbele ya yale ya kurasa za biashara, na waliotumia miaka kukusanya wafuasi wakaona matangazo yao yanawafikia wachache kuliko zamani, ingawa idadi ya wafuasi haikupungua hata kwa mtu mmoja. Google nayo ilikuwa ikiwapa wafanyabiashara wadogo tovuti nyepesi za bure kupitia wasifu wao wa biashara. Machi 2024 tovuti hizo zilizimwa, na baada ya miezi michache hata anwani zake zikaacha kumpeleka mteja popote.

Katika mifano yote mitatu hakuna mfanyabiashara aliyekosea kitu wala aliyeulizwa maoni yake. Ndiyo maana nasema ukurasa hautoshi.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mtoa hoja, mifano yako ni ya kweli, lakini umeieleza kana kwamba mwenye tovuti yuko salama. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVH, kampuni inayohifadhi tovuti za wateja, mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea kwa moto, na wapo wateja waliopoteza tovuti zao moja kwa moja kwa sababu nakala rudufu walizokuwa nazo zilihifadhiwa palepale. Hao walikuwa wamelipia, na hawakutegemea ukurasa wa bure.

Hatari iliyo ya kawaida zaidi kuliko moto ni uzembe. Tovuti ya biashara ndogo hutengenezwa na fundi ambaye baada ya malipo hapatikani tena. Programu zake hazisasishwi, wahalifu wanaingia, na siku moja mteja anafungua ukurasa wa duka na kukutana na matangazo ya kamari. Au ada ya mwaka inasahaulika na jina linachukuliwa na mtu mwingine. Kampuni kubwa ina wahandisi wanaokesha, nayo ilirudi hewani baada ya saa chache. Mwenye duka ambaye tovuti yake imevamiwa atamwita nani usiku huo? Mtu asiye na mtaalamu wa kumwita yuko salama zaidi kwenye ukurasa unaotunzwa na wengine, kwa kuwa saa 6 za giza katika miaka mingi si hasara ya kumfanya mtu abebe mzigo asioumudu.

Mchangiaji wa tatu

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, nami naongeza suala la muda tu. Fundi cherehani anayefanya kazi peke yake anapima, anakata, anashona, anapokea simu na kupeleka mzigo. Ukimwongezea tovuti ya kutunza, kitakachopungua ni nguo anazomaliza kwa wiki. Tusiwape watu wadogo kazi za makampuni.

Mtoa hoja, akijibu

Nawashukuru nyote wawili. Ndugu mchangiaji wa pili amenilazimisha kuisema hoja yangu kwa usahihi zaidi, kwa sababu ni kweli kwamba tovuti iliyotelekezwa ni mbaya kuliko kutokuwa na tovuti kabisa. Kwa hiyo sishikilii tovuti. Ninachoshikilia ni kwamba mfanyabiashara awe na vitu viwili vilivyo vyake kabisa, yaani anwani na orodha ya wateja. Vingine vyote anaweza kuvitumia kwa hisani ya wengine.

Nianze na anwani, kwa sababu hapo ndipo ninapoona watu wengi wanaelewa vibaya. Kusajili jina la tovuti ni jambo moja na kutengeneza tovuti ni jambo jingine. Unaweza kusajili jina leo, ukaingia kwenye mipangilio ya msajili, yaani kampuni uliyosajili jina kwake, ukaagiza kwamba kila anayeliandika apelekwe moja kwa moja kwenye ukurasa wako wa Instagram, na kazi ikaishia hapo. Hakuna programu ya kusasisha na hakuna fundi wa kumtafuta usiku. Jina hilo ndilo unaloliandika kwenye bango, kwenye mifuko na kwenye stakabadhi. Siku ukurasa ukifungwa au wateja wakihamia mtandao mwingine, unabadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio, na kila karatasi uliyokwisha kuchapisha inaendelea kumleta mteja mahali sahihi. Wale waliochapisha anwani za tovuti za bure zilizozimwa mwaka 2024 hawakuwa na mstari wa kubadilisha.

Kuhusu jina kuchukuliwa na mwingine, hilo huzuilika kwa mambo mawili ambayo mafundi wengi hawamwambii mteja. Kwanza, angalia usajili umeandikwa kwa jina la nani na kwa barua pepe ya nani. Ikiwa ni ya fundi, basi kisheria na kiutendaji wewe ni mgeni kwenye anwani yako mwenyewe, na hilo lirekebishwe wakati bado mnaelewana. Pili, majina yanayoishia na .com husajiliwa kwa mwaka 1 hadi miaka 10, hivyo aliye na uwezo alipie miaka kadhaa kwa mkupuo na kuwasha malipo ya kujirudia. Hata muda ukipita, kabla jina halijaachiwa wengine huwa kuna siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kulikomboa, ingawa kwa ada kubwa zaidi.

Orodha ya wateja ni suala jepesi kulieleza ila linapuuzwa mno. Wafuasi 5,000 si orodha ya wateja, kwa sababu huwezi kuwaandikia pasipo ruhusa ya mtandao wenyewe. Hata orodha ya matangazo ya WhatsApp humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na kwa miaka mingi imekuwa na kikomo cha watu 256. Daftari ninalolisema ni jedwali la kawaida lenye safu nne: jina, namba ya simu, alichonunua mara ya mwisho na kama amekubali kutumiwa ujumbe. Safu ya nne si mapambo; nchi nyingi sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi, na pia ni heshima tu kwa mteja kumwuliza. Moto wa Strasbourg unatufundisha mahali pa kuliweka jedwali hilo: nakala mbili zilizo mbalimbali, moja mbali na duka, na mara mojamoja ifunguliwe kwenye kifaa kingine kuhakikisha kwamba inafunguka kweli.

Nawaunga mkono pia wanaosema ukurasa wenyewe utunzwe. Kurasa nyingi za biashara ndogo hupotea kwa ujumbe wa uongo unaodai kwamba umekiuka hakimiliki na kukutaka uingize nenosiri ndani ya saa 24. Uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuombwa uthibitisho wa pili zaidi ya nenosiri, pamoja na msimamizi wa pili unayemwamini, hupunguza sana hatari hiyo, na havigharimu kitu.

Sasa nimrudie fundi cherehani wa ndugu mchangiaji wa tatu. Nilichokieleza kinamtaka jioni moja ya kusajili jina na kulielekeza, ada ya mara moja kwa mwaka, na kujaza mstari mmoja wa jedwali kila anapopima mteja mpya, kazi ambayo tayari anaifanya anapoandika vipimo. Ikiwa bado mnaona kwamba hata hicho ni kingi kwake, naomba mseme ni kipi kati ya viwili hivyo mngemshauri akiache, na siku ukurasa wake utakapofungwa awaite wateja wake kwa njia gani.