Mwanamke akikosea kwenye muvi lazima mwisho aumbuke?

Wakuu naomba tujadili bila matusi. Jana usiku tumeangalia Enough Said ya 2013, ya Nicole Holofcener, yule mama wa Kimarekani ambaye muvi zake hazina risasi wala mchawi, ni wanawake wa makamo tu na vijitabia vyao. Eva anafanya kazi ya masaji, kaachika, akampata Albert (marehemu James Gandolfini, muvi ilitoka ameshafariki), mara anagundua mteja wake mmoja ambaye wameshakuwa mashoga ndo mke wa zamani wa Albert. Badala ya kusema ananyamaza, anaendelea kumkanda huku anamchimba kasoro za jamaa, mpaka anavyochambua vitunguu kwenye parachichi la kuponda, halafu akirudi kwa Albert na yeye anaanza kuona kero zilezile.

Mama mdogo kanuna kabisa, eti mbona huyu hajafanywa kitu? Bongo muvi zimetuzoesha, muongo lazima dakika za mwisho awe kitandani hospitali anaomba msamaha na kinanda kinalia. Mimi naona Eva kaadhibiwa vizuri tu, kaharibu kitu kizuri kwa maneno ya mtu mwingine na anajua ni yeye. Nyie mnasemaje?

— Dada unatetea uongo. Angekuwa mwanaume ndo kafanya hivyo ungemuita tapeli, huyu mnamuonea huruma kwa sababu anachekesha.

— Watu mna njaa ya kuona mtu anaumbuliwa. Please Give ya 2010 mmeiona? Kate na mumewe wananunua fanicha za marehemu kwa familia zao bei ya kutupa, wanaziuza hapo New York bei mbaya, na apatimenti ya bibi jirani wameshainunua wanasubiri afe waongeze nafasi. Halafu Kate anagawa hela kwa omba omba barabarani ili roho itulie. Hakuna polisi hakuna radi, na mimi nilijiona humo maana mwezi uliopita nimemlalia mjane mmoja kwenye kabati la mninga.

— Wa tapeli nakujibu, hata mwanaume ningemuangalia hivyohivyo, shida hizo muvi za mwanaume mdhaifu ambaye si jambazi nani anatengeneza huku kwetu?

— Samahani natoka nje ya mada, mkuu wa kabati, umemuongeza hela yule mjane?

— Bado.